Kilo 5 Kabla ya Mashindano: Mpira, Masomo na Mwili Unaokua

KOCHA: Haya, maikrofoni imewaka. Hamjambo nyote mnaotusikiliza, mlioko Malindi, Watamu, Gede, na nyinyi mliohamia Mombasa mkatusahau. Mimi ni Kocha. Jina alilonipa mama siku hizi analitumia yeye peke yake.

MWALIMU: Nami ni Mwalimu, nafundisha biolojia, tena ni mlezi wa bweni la wasichana. Kocha, tusizunguke leo. Huu ujumbe umenikosesha raha tangu jana.

KOCHA: Usome basi.

MWALIMU: Jina silitaji. Ni msichana wa Kidato cha Tatu, ana miaka 16, anacheza kiungo timu ya shule, anaishi nyumbani. Anasema hivi: "Nimeambiwa nimekuwa mzito, nipunguze kilo 5 kabla ya mashindano ya muhula wa pili. Nimebakiwa na wiki tatu. Alfajiri nakimbia ufuoni nimevaa koti la nailoni ili nitoke jasho. Chai ya asubuhi nimeacha. Usiku nasoma mpaka saa 6, njaa inanishika, nakula chochote nikipatacho. Kilo 2 zilishuka, zikarudi. Hesabu nimeanguka. Nifanyeje?"

KOCHA: Wiki tatu, kilo 5! Aliyemwambia hakukaa chini akapiga hesabu.

MWALIMU: Tumpigie sisi. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Mara 5 ni 38,500. Gawanya kwa siku 21.

KOCHA: Ni 1,800 na ushee.

MWALIMU: Kila siku ya Mungu. Na msichana wa miaka 16 anayefanya mazoezi anahitaji kama 2,400 kwa siku nzima. Ukitoa hizo 1,800, abaki na 600. Hicho ni chakula cha mtoto wa kunyonya, na huyu anatakiwa acheze dakika 80, aende tuition, arudi afanye hesabu za trigonometria.

KOCHA: Hapo nakubali. Lakini Mwalimu, nikutie breki kidogo. Uzito una maana uwanjani. Mchezaji akitoka likizoni amejaa, namwona: kipindi cha pili anatembea. Tusiwadanganye watoto kwamba mwili haujalishi.

MWALIMU: Sijasema haujalishi. Nauliza, amekuwa mzito kwa kipimo gani? Ulimpima nini?

KOCHA: Mimi? Mimi simjui!

MWALIMU: Nikisema wewe, nasema makocha wote. Mnamtazama mtu kwa jicho. Msichana wa miaka 16 bado anakua, nyonga zinapanuka, misuli inaongezeka, na kuongezeka kilo ndiyo kazi ya umri huo. Halafu anaingia kwenye simu, anakuta jedwali la uzito kwa urefu la watu wazima, anaona rangi nyekundu. Hilo jedwali si lake. Watoto na vijana wana chati zao, WHO, Shirika la Afya Duniani, ilizitoa 2007 kwa umri wa miaka 5 hadi 19, na husomwa kwa umri na jinsia. Muuguzi au mtu wa lishe pale hospitalini anazo. Kumpima ni dakika chache.

KOCHA: Na akipimwa ikaonekana kweli amezidi?

MWALIMU: Basi polepole. Nusu kilo kwa wiki, na kilo 1 ndiyo mwisho kabisa. Na kwa anayeendelea kurefuka, mara nyingi daktari atasema uzito ukae palepale, urefu uje uukute. Kabla ya mashindano haya hakuna cha maana kitakachopungua. Aingie uwanjani na mwili alio nao.

KOCHA: Sasa hilo koti la nailoni. Niachie mimi hilo.

MWALIMU: Chukua.

KOCHA: Binti yangu, kile unachokitoa ndani ya koti ni maji. Ukitaka kuhakikisha, simama kwenye mizani kabla ya mazoezi na baada yake. Kilo 1 iliyokosekana ni karibu lita 1 ya jasho. Ukinywa, imerudi. Ndiyo maana kilo zako 2 zilirudi. Hazikuwa zimeenda popote. Na Malindi hii ya unyevu, jasho lenyewe halikauki vizuri, ukijifunga nailoni mwili unakosa pa kupozea. Mwaka 1997 kule Marekani wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya muda kama wa mwezi mmoja, kila mmoja akijikausha ili aingie kwenye daraja lake la uzito. Baada ya hapo NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakapiga marufuku nguo za raba za kutolea jasho. Wale walikuwa vijana wenye nguvu zao, si wagonjwa.

MWALIMU: Na wanasimamiwa.

KOCHA: Na wanasimamiwa! Wewe uko peke yako ufuoni kabla jua halijachomoza. Hilo nalo silipendi. Tafuta mwenzio, au kimbieni jioni uwanjani Alaskan mahali penye watu.

MWALIMU: Ila Kocha, kukimbia mara mbili kunatoka wapi? Ana mazoezi ya timu jioni. WHO inasema kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Huyu anazipata kwa timu tu. Ile saa ya alfajiri ingekuwa ya usingizi.

KOCHA: Hapo ndipo nilipotaka kufika. Mimi nikiisoma ile barua sioni tatizo la mafuta, naona tatizo la saa.

MWALIMU: Endelea.

KOCHA: Fuata siku yake. Kumi na moja alfajiri yuko macho. Hajala. Saa 4 mapumziko, tumbo linalia, pale langoni kuna nini? Viazi karai, bajia, kachiri, na soda. Soda ya nusu lita ina sukari kama vijiko 13 vya chai. Mchana anakula kidogo kwa sababu anajionea haya. Jioni anakimbia kwenye mazoezi na tanki tupu. Anafika nyumbani magharibi, anakwepa chakula cha usiku. Saa 6 za usiku yuko jikoni na mahamri yaliyobaki, manne, matano, kwa mkupuo. Nguvu zinaingia wakati hazina kazi, na hazipo wakati anazihitaji.

MWALIMU: Na atalala saa ngapi?

KOCHA: Sita na nusu, saba. Aamke kumi na moja. Ni usingizi wa saa nne, ukizidi sana nne na nusu.

MWALIMU: Kijana anatakiwa alale saa 8 hadi 10. Akilala kidogo, homoni inayoleta njaa hupanda, ya shibe hushuka, na kinachotamaniwa ni sukari na vya kukaanga. Kwa hiyo anapambana na mwili wake mwenyewe. Upande wa masomo vilevile: ulichokisoma mchana, ubongo unakipanga usiku umelala. Trigonometria ya saa 6 usiku imeandikwa juu ya maji.

KOCHA: Na majeraha. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wanafunzi wanamichezo 112. Waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 kuliko waliolala saa 8 au zaidi.

MWALIMU: Sasa nikuambie kitu ambacho wazazi wengi hawakijui. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015, za nchi hii yetu, zimetaja saa. Masomo darasani saa 2 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Kisha mpaka 10:45 ni michezo na shughuli nyingine. Kwa shule za bweni, prep, yaani kujisomea, saa 1:30 hadi 3:30 usiku, na kulala 3:30 mpaka 12 asubuhi.

KOCHA: Saa nane na nusu!

MWALIMU: Imeandikwa. Prep ni saa mbili, michezo imo, usingizi umo. Sisi ndio tumeongeza masomo ya alfajiri, ya jioni, ya Jumamosi, halafu tunamwambia mtoto ajifunze kupanga muda. Muda gani apange, umeshaliwa wote?

KOCHA: Mwalimu, utafutwa kazi.

MWALIMU: Nitakuja kubeba mipira yako. Lakini huyu anaishi nyumbani, kwa hiyo ana nafasi. Prep yake aianze saa 1:30 baada ya kula na kusali, simu ikae chumbani kwa mama. Dakika 40 hesabu, apumzike kidogo, arudi. Na asome kwa kujiuliza: afunge kitabu, aandike anachokumbuka, afungue aone alipokosea. Kupitisha kalamu ya rangi kwenye kurasa ni kupamba daftari. Saa 3:30, taa zima.

KOCHA: Sasa mlishe. Mimi nikianza nitasema mayai tu.

MWALIMU: Mayai si mabaya. Chai ya asubuhi airudishe leo leo. Sikatazi mahamri na mbaazi, jamani, tuko Malindi. Mbaazi zenyewe zina protini. Mahamri mawili badala ya manne, mbaazi ziwe nyingi, tui lisiwe zito kila siku. Siku nyingine muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha na yai. Mapumziko ya saa 4, ndizi na karanga kutoka nyumbani. Kabla ya mazoezi, kitu kidogo, embe au ndizi. Akimaliza mazoezi ndipo mwili unataka kulishwa: sima au wali, samaki, kunde au mchicha, pojo. Samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, hapo tu amepunguza mafuta bila kupunguza sahani.

KOCHA: Na chai?

MWALIMU: Asante, ulinikumbusha. Wasichana wanapoteza madini ya chuma kila mwezi. Mboga, kunde na pojo vina chuma, lakini chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula inazuia kisifyonzwe vizuri. Inywe baadaye, saa moja hivi. Ndimu inafanya kinyume chake, kwa hiyo akamue ndimu juu ya kunde. Wengi ninaowaona wanasinzia darasani, wanaambiwa wavivu, kumbe damu imepungua. Wapimwe.

KOCHA: Vidonge vya kupunguza mwili, chai za kusafisha tumbo?

MWALIMU: Hapana. Tuendelee.

KOCHA: Umefupisha!

MWALIMU: Zinaharisha, basi. Kuna jambo kubwa zaidi sijalisema. Binti, kama siku zako zimekatika miezi mitatu mfululizo, au umefika miaka 15 hujaona kabisa, usifurahi kwamba umepumzika. Nenda hospitali. Mwili ukikosa chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa, unazima vitu ambavyo si vya lazima kwa kuishi leo: hedhi, ujenzi wa mifupa, kinga. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliipa jina hali hii 2014, ikaipitia tena 2023. Inawapata wavulana pia. Dalili ni mafua yasiyoisha, mfupa unaouma mahali pamoja, hasira, kutokumbuka masomo, na mbio zinazidi kuwa nzito ingawa mtu anakonda.

KOCHA: Mary Cain.

MWALIMU: Mweleze.

KOCHA: Mkimbiaji wa Marekani. Alijiunga na kikosi cha wataalamu 2013, ana miaka 17, kila mtu anasema huyu ndiye. Mwaka 2019 akajitokeza akasimulia: alisukumwa apungue, apungue tena, hedhi ikakatika miaka mitatu, mifupa mitano ikavunjika. Msichana aliyekuwa na kasi kuliko rika lake lote.

MWALIMU: Na mfupa wa utu uzima sehemu yake kubwa hujengwa kabla ya miaka 20. Ukikosa wakati huo, huwezi kwenda kuukopa ukiwa na miaka 40.

KOCHA: Kabla hatujafunga, wengi wameuliza Ramadhani. Kuna wanaodhani mwezi ule ndio wa kupungua.

MWALIMU: Wengi hutoka wameongezeka! Futari ya kaimati, viazi, sambusa, sharubati, kisha kulala. Saumu ni ibada, asiigeuze mizani. Anayefunga na anacheza, mazoezi yawe mepesi karibu na magharibi, au baada ya tarawehe kama nyumbani wanaruhusu. Maji anywe kidogo kidogo tangu futari mpaka daku. Na daku asiliache, liwe na yai, maharagwe, kitu cha kukaa tumboni.

KOCHA: Sasa nani atamwambia huyo aliyetoa amri ya kilo 5? Mtoto hawezi.

MWALIMU: Mama yake, au shangazi. Aende kwa adabu, aulize swali moja: unataka apungue ili nini kibadilike uwanjani?

KOCHA: Ndiyo. Akisema kasi, kuna mbio fupi za mita 20, zipimwe kwa saa ya kusimamisha. Akisema pumzi, kuna mbio za mlio, za kwenda na kurudi kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha. Vipimwe hivyo leo na baada ya wiki sita, mtoto akiwa anakula na analala. Mimi nikiona namba hizo zimekuwa nzuri zaidi, mizani siitaki hata kuiona uwanjani. Wiki ijayo, Mwalimu, ni wavulana wanaotaka kifua kipana kwa mwezi mmoja.

MWALIMU: Nao wako?

KOCHA: Wamejaa kwenye simu yangu. Mmoja anauliza kama anaweza kula mayai 20 kwa siku.

MWALIMU: Nani anayalipia?

KOCHA: Hilo ndilo swali lako la kwanza wiki ijayo. Kwaherini.