Ng'ombe wa Kwenye Karatasi

Mbukwenyi! Asanteni. Nimeombwa nieleze kazi yangu kwa lugha nyepesi. Mama yangu akiulizwa mwanao anafanya nini, hujibu, "Anahesabu hewa." Hajakosea. Nahesabu gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu. Unachukua idadi, ng'ombe wangapi, magunia mangapi ya mkaa, lita ngapi za dizeli, unazidisha kwa kiasi cha gesi kinachotoka kwa kila kimoja. Mwongozo ni wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, toleo la 2006. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Kazi iko kwenye kujua namba unazozidisha zimetoka wapi.

Nikiwa mgeni kazini nilipewa daftari la kizuizi fulani cha barabarani, magunia ya mkaa ya mwaka mzima. Nikachukua uzito mmoja, nikazidisha, nikapeleka. Mzee mmoja wa idara akaniuliza, "Haya yana lumbesa au hayana?" Nikabaki kimya. Tukaenda barabarani na mizani ya kuning'iniza, tukapima kumi. Hakuna mawili yaliyolingana. Nikaanza upya.

Ila kinachoninyima usingizi ni ng'ombe. Vijidudu vya tumboni mwake vinatengeneza methani wakati majani yanachachuka, naye anaibeua. (Mnaocheka kule nyuma: nyingi hutoka mdomoni.) Kwa ngazi ya kwanza ya mwongozo ule, ile rahisi ya namba moja kwa wote, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa huandikiwa kilo 31 za methani kwa mwaka. Methani huhesabiwa kuwa na nguvu mara 28 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, kwa hiyo ni sawa na kilo 868 za hewa ukaa kwa kichwa. Sasa nendeni mnada wa mifugo wa Msalato, Dodoma, mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Zungusha utepe wa kukadiria uzito kifuani mwa dume, nyuma ya bega, utashika mbavu moja moja. Rudi Aprili, utepe ule ule unakaza. Kwenye karatasi ni 31, akonde anenepe.

Hapo ndipo sera inapopinda. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kwamba ifikapo 2030 itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote. Mfugaji wa Chamwino akihifadhi malisho, gesi kwa kila kilo ya nyama ikashuka, hesabu ya ngazi ya kwanza haimwoni. Kwa namba isiyobadilika, jumla hushuka kwa njia moja tu: kupunguza vichwa. Na maneno hayo ukiyasema Kondoa, wazee wanakumbuka 1979, mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, chini ya mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Miti ilirudi, ndiyo. Waliofukuziwa ng'ombe hawakusahau.

Dawa ni kupanda ngazi ya pili: uzito halisi, chakula halisi, kiangazi na masika. Ni vumbi zaidi kuliko kompyuta, na fedha zake hazipatikani upesi.

Jumamosi tunakwenda Msalato, saa kumi na mbili asubuhi. Nahitaji wanne wa kushika utepe, na mmoja anayesema Kigogo vizuri kunishinda, maana mwenye ng'ombe hapendi kuulizwa anao wangapi.