Hofu Inayotangulia Maumivu

Asante, mwenyekiti. Shikamooni wazee. Vijana, habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie wasiwasi kwa watu wanaoishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na nitaanza kwa kuwatetea wenye wasiwasi. Mtu aliyewahi kulala mzima akaamka saa nane usiku, mgongo na miguu vinamuuma hadi anapiga kelele, ana kila sababu ya kuogopa usiku. Chembe zake nyekundu zikipungukiwa oksijeni hukakamaa, hujipinda, huziba mishipa midogo. Baridi huchochea, kiu, malaria, uchovu. Na mara nyingine hakuna chochote kilichochochea, na hapo ndipo wasiwasi unaponenepa. Ungeijua siku, ungejipanga.

Sikilizeni hili. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Los Angeles, Marekani, waliwaeleza watu wenye selimundu kwamba watawekewa joto la kuumiza kwenye ngozi, huku wakipima damu inavyopita vidoleni. Mishipa ilianza kubana kabla joto halijafika. Kungoja tu kulitosha.

Kwa hiyo mawazo yanaugusa mwili, hilo halina ubishi. Lakini nimewasikia wazazi wakilitumia vibaya: "Usiwaze, mwanangu, ukiwaza utaumwa." Hapo mtoto amepewa hofu ya pili, ya kuogopa hofu yake mwenyewe. Na akiumwa kesho atajiona kajiletea.

Sasa wahudumu wenzangu, nanyi msicheke. Moyo kwenda mbio, pumzi fupi, kizunguzungu: vyote huletwa na hofu kali, na vyote huletwa na upungufu wa damu. Mwenye selimundu akija na homa, kifua kinauma, anapumua kwa shida, usimwambie "tulia, ni wasiwasi tu." Huenda mapafu yameshambuliwa, na hilo huua. Pima oksijeni, pima damu, mpeleke akapigwe picha ya kifua. Wasiwasi ndio usubiri foleni. Tena yule tuliyemwita mdekaji, au mpenda sindano, kwa sababu alitaja jina la dawa inayomsaidia, safari ijayo atachelewa kuja. Atakaa nyumbani anajiuliza kama ataaminiwa.

Kuna hofu nyingine ambayo haisemwi, na leo nitaisema ingawa naona wazee mmeshaanza kutazama chini. Kijana wa kiume mwenye selimundu anaweza kuamka uume umesimama wenyewe, bila hamu yoyote, unauma na haushuki. Ni damu iliyokwama, kama inavyokwama kwingine. Kijana hamwambii mama, baba ndiyo kabisa. Anaoga maji, anaomba Mungu, asubuhi ikifika anaogopa kulala tena. Ukikaa hivyo kwa muda wa zaidi ya saa 4 ni dharura, na akichelewa anaweza kupoteza nguvu za kiume moja kwa moja. Akina baba, mtoto aambiwe mapema, kabla ya balehe, kwamba hili lipo, halina aibu, na atakayempeleka hospitali usiku huo ni wewe.

Kwa wanandoa nitasema kifupi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana kinasaba cha selimundu bila wenyewe kuugua, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba, upya. Mgonjwa mmoja hawalindi watatu wanaofuata. Na ule wimbo wa "imetoka ukoo wa mama" tuuache, kwa sababu inatoka pande zote mbili.

Binti zetu wengi wanazihesabu siku zao za kuzaliwa kwa woga, kwa kuwa kuna mtu aliwahi kusema mbele yao kwamba "hawa hawafiki 20." Kweli, zamani wengi walifariki kabla ya miaka 5, kwa maambukizi, malaria na kupungukiwa damu. Penisilini ya kila siku kwa watoto wa umri huo, chanjo, chandarua na haidroksiyurea, dawa inayosaidia chembe zisijipinde, vimebadilisha hesabu. Muhimbili, hospitali ya taifa Dar es Salaam, wanawafuatilia wagonjwa tangu 2004, na wapo walioanza wakiwa watoto ambao leo ni watu wazima.

Sasa, lini wasiwasi unahitaji tiba? Mtu akikosa usingizi wiki nyingi ilhali haumwi. Akiacha shule, safari, harusi za ndugu, kwa kuogopa tu. Huyo hafai kusukumwa wala kufungiwa ndani. Arudi kidogo kidogo: leo sokoni na chupa ya maji na sweta, wiki ijayo kwa shangazi, dawa zake mkobani, na anayekwenda naye anajua hospitali iliko. Kila akirudi salama hofu inapungua. Mshauri nasaha anaweza kumwongoza, na hospitali za mikoa zina watu wa afya ya akili. Atakayekutibu umwambie dawa zako zote, maana baadhi ya vidonge vya usingizi vikikutana na morfini, dawa kali ya maumivu, hupunguza pumzi.