Kuulea Mholi wa Shina Moja na Kichwa cha Mviringo

Karibu, ndugu mtazamaji. Mti unaouona hapa kando yangu, wenye shina moja lililonyooka na kichwa cha majani kilichoviringana kama mpira, ni mholi, mti wa asili ya Ulaya ambao wataalamu wa mimea huuita Ilex aquifolium. Nilipoununua ulikuwa mche wa kufika magotini, na leo, baada ya miaka minane, kichwa chake kimefika usawa wa kifua changu. Hapa Uingereza, ninakofanya kazi ya kutunza bustani, mholi uliokwisha kuumbwa namna hii huuzwa kwa bei kubwa, kwa kuwa mnunuzi hulipia miaka ambayo mtu mwingine ameutunza mti huo. Nitakuonyesha namna ya kuuumba mwenyewe, na utanisikia nikirudia jambo moja mara kwa mara, kwa sababu ndilo linaloharibu miti mingi: haraka.

Kwa mliopo Afrika Mashariki, mholi huu una ndugu yake wa karibu, Ilex mitis, aotaye katika misitu ya milimani, Kilimanjaro ikiwamo, hasa kandokando ya vijito. Mholi wa Ulaya hupenda baridi na hautastawi Mombasa wala Dar es Salaam, lakini njia nitakayoieleza inafaa kwa mti mwingine wowote wa bustani unaovumilia mkasi, kama vile fikasi ya majani madogo.

Tuanze na kuchagua mche. Miholi ina dume na jike, na jike pekee ndilo linalozaa yale matunda madogo mekundu yanayopendeza wakati wa baridi. Ili lizae, ni lazima kuwe na dume jirani, bustanini kwako au kwa mwenzako, ambalo nyuki watalitembelea mwezi wa Mei au Juni. Usidanganywe na majina ya kibiashara, kwa maana aina iitwayo 'Golden King' ni jike, ilhali 'Golden Queen' na 'Silver Queen' ni madume, na nimewaona watu wakingoja matunda miaka mingi kwa mti usioweza kuyatoa. Mtu mwenye nafasi ya mti mmoja tu ningemshauri achukue 'J.C. van Tol', kwa kuwa huzaa bila kuhitaji dume na majani yake hayana miiba mingi.

Unapofika kitaluni, usivutiwe na mche ulionenepa matawi. Tafuta ule wenye shina moja la kati lililonyooka hadi kileleni, bila ncha mbili zinazoshindana. Kisha ugeuze chungu uitazame mizizi: ikiwa imejizungusha ndani na kushikamana kama kamba, uache, kwa kuwa mholi haupendi kuchokozwa mizizi na mti ulioanza vibaya chini ya udongo huchukua muda mrefu kupona.

Wakati mzuri wa kupanda ni Septemba hadi Novemba, udongo ukiwa bado na joto la kiangazi. Ukipanda kwenye chungu, kiwe cha upana wa sentimita 40 au zaidi, kizito, chenye matundu ya kutolea maji, nawe ukijaze udongo wa bustani uliochanganywa na mboji na changarawe ndogo. Mti wenye kichwa kipana hushika upepo kama tanga la jahazi. Chungu chepesi cha plastiki kitaangushwa na upepo wa kwanza wa Oktoba. Chomeka fimbo imara kando ya shina kabla ya kujaza udongo, ili usije ukaitoboa mizizi, kisha funga shina kwenye fimbo kwa uzi laini uliopitishwa kwa umbo la nambari nane, ili shina na fimbo visisuguane.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi hukosea, nami nilikosea pia. Mti wangu wa kwanza niliupanda asubuhi, na kufika mchana nilikuwa nimekwisha kukata matawi yote ya pembeni, nikabakiza shina tupu na kishungi cha majani juu, kwa sababu nilitaka uonekane kama ule wa dukani. Ulikua kwenda juu, naam, lakini shina lilibaki jembamba kama unyasi, na nilipouondoa kwenye fimbo mwaka wa tatu uliinama hadi ncha yake ikagusa ardhi. Majani ya pembeni ndiyo yanayolilisha shina na kulinenepesha. Kwa hiyo usiyaondoe. Lishike kila tawi la pembeni, hesabu majani matatu au manne kutoka kwenye shina, ukate hapo, na uliache tawi hilo fupi lifanye kazi yake. Mti utaonekana kama brashi ya kusafishia chupa kwa miaka miwili au mitatu, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuonekana.

Iache ncha ya juu ipande bila kuguswa hadi ipite kwa sentimita 20 hivi kimo unachotaka kichwa kifikie. Hapo ndipo utaikata. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vitatokea chini ya mkato, nawe utavikata kila kimoja kikiwa na majani matano au sita, ubakize mawili au matatu. Vitakavyozaliwa kutoka kwa hivyo, vifanye vivyo hivyo. Kila mkato mmoja huzaa ncha mbili au tatu, na kwa njia hiyo kichwa hujaa kutoka ndani. Kichwa kikishaanza kushikana ndipo uanze kuondoa yale matawi mafupi ya shinani, ukianzia chini, nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao.

Sogea karibu uone jinsi ninavyokata. Hili jani nililikata wiki iliyopita kwa mkasi mkubwa wa kunyolea nyua za miti, makusudi, ili nikuonyeshe. Umepita katikati ya jani, na ukingo uliokatwa umegeuka kahawia, mkavu, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Jani la mholi ni pana na gumu na hukaa mtini miaka kadhaa, kwa hiyo kovu hilo utaliangalia muda mrefu. Na hili hapa limetokana na mkasi wa mkono: nimeingiza ncha ya mkasi ndani ya majani, nikakata kijiti juu tu ya jani linalotazama nje, na mkato haukuacha alama inayoonekana. Mti mmoja hunichukua karibu saa nzima kwa njia hii, wala sioni njia nyingine inayoustahili.

Upogoaji mkuu hufanyika sasa, Agosti inapoelekea mwisho, machipukizi ya mwaka yakiwa yamekwisha kukomaa. Kabla ya kuanza, fungua majani uchungulie kama kuna kiota, kwa sababu sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota cha ndege kinachotumika. Ukumbuke vilevile kwamba matunda hutokea kwenye vijiti vya mwaka uliopita. Ukinyoa kila mahali kwa kina kila mwaka, utapata mpira mzuri usio na tunda hata moja. Mimi hupendelea kuacha kichwa kiwe na ulegevu kidogo na kuyapata matunda. Ikiwa aina yako ina majani yenye kingo za njano au nyeupe, kata pale linapoanzia kila tawi linalotoa majani ya kijani kitupu, maana lina nguvu kuliko mengine na litaumeza mti.

Usiogope kwamba mkasi utauumiza. Katika karne ya 17 John Evelyn, mwandishi Mwingereza wa mambo ya miti, aliandika kuhusu ua wake wa miholi wenye urefu wa futi 400 na kimo cha futi 9, na mti huu bado hutumika kwa nyua hadi leo. Anayetaka umbo dogo lenye kingo kali atumie mholi wa Kijapani, Ilex crenata, wenye majani madogo unaoweza kunyolewa kwa mkasi mkubwa. Wengi wameuhamia baada ya ugonjwa wa ukungu na viwavi wa nondo kutoka Asia kuiharibu miti yao ya Buxus, mti mwingine wa majani madogo unaonyolewa maumbo. Ila hauvumilii udongo wenye chokaa wala maji yaliyotuama.

Kuhusu mahali pa kuuweka: miwili pande zote za mlango hupendeza sana, mradi mlango usiwe unapitiwa na watoto peku, kwa kuwa majani yaliyokauka hudondoka na miiba yake hubaki mikali kwa miezi. Matunda yake ni sumu kwa binadamu na kwa mbwa, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo achague dume. Majira ya baridi, zungushia chungu magunia ili mizizi isigande, na chomeka kidole kwenye udongo kila wiki hata mvua ikinyesha, kwani kichwa kilichojaa huwa mwavuli na maji huishia nje ya chungu.

Sasa vaa glavu nzito na ukusanye vyote tulivyokata. Usivitie kwenye mboji vikiwa vizima, maana huoza polepole mno. Vipasue vidogovidogo kwanza, au uvirundike peke yake kwenye kona isiyopitiwa na mtu.