Kusoma Jicho la Mpigapicha wa Chini ya Maji

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo namzungumzia mpigapicha mmoja tu, na nimemchagua mmoja makusudi. Ukipitia kazi za wapigapicha ishirini kwa siku, kinachobaki machoni ni rangi. Ukikaa na mmoja mwezi mzima, unaanza kuona anavyoamua.

Huyu ni David Doubilet, Mmarekani, ambaye picha zake zimekuwa zikitoka katika jarida la National Geographic tangu miaka ya 1970. Akiwa na miaka 12 aliitia kamera yake ya Brownie Hawkeye ndani ya mfuko wa mpira wa madaktari wa usingizi, akazama nayo. Picha za mwanzo hazikuwa za kujivunia, lakini mtoto alishajua anachokitaka.

Mtindo wake hauwezi kusomeka bila kuyasoma maji kwanza. Maji hunyonya rangi nyekundu kabla ya nyingine. Ukizidi kushuka, hata damu haionekani tena nyekundu. Tena yamejaa chembechembe, hivyo ukipiga kwa mbali picha hufifia. Basi mpigapicha hana budi kusogea karibu kabisa, atumie lenzi pana, inayoshika eneo kubwa hata kwa karibu, na aende na mwanga wake mwenyewe. Mengi tunayoyaita mtindo ni majibu aliyoyapa maji.

Tazameni picha zake za nusu kwa nusu, kama ile ya nyenga, yule taa mwenye mwiba mkiani, akiteleza juu ya mchanga huko Grand Cayman, kisiwa cha Karibi, na juu yake mawingu. Mbele ya lenzi kuna kioo cha kuba, nusu kimezama, nusu kiko hewani. Upande wa maji lenzi hulazimika kulenga karibu zaidi, na kuna giza kuliko juu. Kwa hiyo tundu la lenzi linabanwa ili mawingu na samaki wote wakae wazi, na mara nyingi flashi inamulika chini ili nusu mbili zilingane. Tone moja la maji likibaki juu ya kioo, limeharibu anga. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya mstari mwembamba unaotenga dunia mbili! Mimi huo mstari ndio unaonigusa kuliko samaki.

Nilipoanza kumsoma niliiga bluu yake. Nilichora bluu miezi kadhaa, na kazi ikawa imekufa. Iliamka nilipoacha rangi nikachukua swali lake: mambo mawili yasiyokutana yanaweza kukaaje ndani ya fremu moja? Swali hilo halihitaji bahari. Mshonaji analiweza, mwandishi pia.

Kwa hiyo mkisoma picha, ulizeni mwanga unatoka upande gani. Mpigapicha alikuwa umbali gani? Nini kimeachwa nje? Hili la tatu ndilo gumu, lipeni muda.

Sasa toeni karatasi na penseli. Hii hapa ukutani ni picha aliyoipiga Papua New Guinea mwaka 1987: samaki waitwao mizia wamemzunguka mzamiaji, wamefanya duara. Msichore samaki hata mmoja. Choreni giza na mwanga tu, dakika kumi, kisha tutazunguka tukiangalia kila mmoja duara lake kaliweka wapi.