Kilichokauka ni nini? Neno "dry" na kavu yetu

Habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie tafsiri, nami nimekuja na neno moja tu la Kiingereza: "dry". Mtoto wa shule ya msingi analijua. Nguo zimekauka, mto umekauka, kwisha. Mimi lilinitia aibu nikiwa na miaka mingi kazini.

Nilikuwa natafsiri makala kuhusu Lynchburg, mji mdogo wa Tennessee, Marekani, unakotengenezwa whisky ya Jack Daniel's. Makala inasema mji uko ndani ya "dry county". Nikaandika, tena kwa kujiamini, "kaunti yenye ukame". Mhariri akanipigia simu: "Ndugu yangu, hiyo whisky wanaipika kwa maji gani?"

Chekeni tu. Mvua kule inanyesha. Kinachobanwa ni uuzaji wa pombe. Marekani nzima ilipigwa marufuku hiyo na katiba kuanzia 1920 hadi 1933, na jimbo la Mississippi likang'ang'ana nayo mpaka 1966. Wala msikimbilie "nchi kavu". Hapo kwetu ndipo unaposhukia kutoka chomboni.

Tangu siku ile, nikikutana na "dry" najiuliza: kimekosekana nini? Kwenye mvinyo ni utamu wa sukari. Tazameni chupa za Dodoma, zimo zilizoandikwa "dry", na ukizipindua zinamwagika. Kwenye "dry cleaning" ni maji: suti yako inalowa chapachapa, ila kwa kemikali. Kwa ng'ombe, maziwa.

Mgumu ni mzaha. Hapo kinachokosekana ni kicheko usoni pa msemaji mwenyewe. Anatoa la kuvunja mbavu huku ametulia kama anayekusomea mita ya umeme. Ukiandika "utani mkavu", msomaji atadhani utani haukunoga. Mimi huandika "alitania bila hata kutabasamu", nikaendelea na safari.

Kiswahili nacho kina vyake kilivyovikausha. Chai kavu imejaa kikombe, imekosa kitafunio. Ukiambiwa jambo kavukavu, limekosa kuzungushwa. Na mwenye macho makavu amekosa haya, huyo anakudai pesa uliyomkopesha wewe! Sasa jaribu kumpelekea Mwingereza macho hayo neno kwa neno. Atakuonea huruma, akuelekeze duka la dawa ukanunue matone.