Kapeti, mpira, na viatu vya baba mdogo

ZUHURA: Tumerudi. Tumaini, kabla hujasema lolote, waambie ulichoniletea karakana Jumanne.

TUMAINI: Gari.

ZUHURA: Gari na nini?

TUMAINI: Gari na harufu. Dada, nimeishi na ile harufu tangu Januari. Nilidhani ni magunia. Mnajua kazi yangu, viazi kutoka Njombe kuja Iringa, na kiazi kimoja kikiozea nyuma ya kiti unaweza kuhama pikapu. Nikapulizia manukato. Zikawa harufu mbili.

ZUHURA: Tukafungua viti. Kapeti nikalivuta kuanzia upande wa abiria, likaja zito kama kondoo aliyenyeshewa. Chini ya kapeti kuna lile tabaka nene la pamba, wengi hawajui kama lipo. Nikalikamua kwa mkono, yakatoka maji ya rangi ya chai.

TUMAINI: Na kiazi.

ZUHURA: Na kiazi! Kimeota chini ya kiti, machipukizi meupe marefu kama kidole, yamezama kwenye pamba yanakunywa maji.

TUMAINI: Na bati limeshika kutu pale abiria anapoweka miguu, eneo la ukubwa wa sahani. Ukikwangua na bisibisi linatoka magamba. Hapo hapo nikaapa, kapeti halirudi kwenye gari langu. Naweka mpira mlango hadi mlango, kama pikapu za kazi zinavyotoka kiwandani. Matope yakiingia, ndoo ya maji na tambara, basi.

ZUHURA: Mimi nikamwambia, mdogo wangu, umemhukumu asiye na kosa. Yale maji hayakuletwa na viatu. Ule mpira mwembamba unaotoa maji ya kiyoyozi nje ya gari uliziba kwa tope. Maji yakikosa njia yanarudi ndani, na yakirudi yanaangukia miguuni kwa abiria. Ndiyo maana upande wako wa dereva ulikuwa mkavu.

TUMAINI: Na mimi nikakuuliza, Njombe na baridi ile nani anawasha kiyoyozi?

ZUHURA: Wewe! Mvua ikinyesha kioo kikajaa ukungu kwa ndani unakifutaje?

TUMAINI: ...Nawasha kiyoyozi.

ZUHURA: Kuanzia Novemba mpaka Aprili, kila safari. Hesabu mwenyewe ni maji kiasi gani.

TUMAINI: Sawa, maji ni ya kiyoyozi, nakubali. Lakini kapeti lina kosa lake jingine. Limenigombanisha na watu. Udongo wetu ni mwekundu, ukishaingia kwenye manyoya ya kapeti hautoki hata usugue na sabuni ya unga. Kwa hiyo nikaweka sheria, abiria anavua viatu.

ZUHURA: Ngoja. Unawavua watu viatu kwenye pikapu ya viazi?

TUMAINI: Niliwavua. Mpaka siku ya baba mdogo.

ZUHURA: Hii sijaisikia.

TUMAINI: Tuna mambo matano ya kuwaambia wasikilizaji, dada.

ZUHURA: Yatasubiri. Baba mdogo yupi, huyu wa Mafinga?

TUMAINI: Huyo huyo. Nilimkuta kando ya barabara pale Mafinga, asubuhi, manyunyu. Shikamoo, marahaba, panda baba twende Iringa. Nikamwambia kwa heshima zote, baba, humu tunavua viatu. Akasema vizuri, ni kama nyumbani. Akavua, akapanda, tukaondoka.

ZUHURA: Usiniambie.

TUMAINI: Tumefika Ifunda anataka kushuka anunue mahindi ya kuchoma. Anapapasa miguuni. Ananiuliza, "Mwanangu, viatu vyangu umeviweka wapi?"

ZUHURA: Vimebaki Mafinga!

TUMAINI: Alivivua chini, barabarani, kama mtu anavyovua mlangoni kwa watu. Yeye yuko sahihi. Nyumba gani unaingia nayo viatu mkononi? Mimi ndiye sikuangalia.

ZUHURA: Vilikuwa viatu gani?

TUMAINI: Katambuga. Zile za tairi. Amezivaa miaka na miaka, zimeshika umbo la mguu wake, kisigino cha kulia kimelika kwa ndani kama anavyotembea. Nikamwambia baba nitakununulia vingine, akasema hapana. Hakukasirika. Alisema tu hapana, akaangalia dirishani.

ZUHURA: Ukageuza.

TUMAINI: Nikageuza, na mzigo wa viazi nyuma. Mnunuzi anapiga simu Iringa, mimi narudi Mafinga kufuata katambuga. Na tulizikuta! Hakuna aliyezigusa. Zimekaa mbili pamoja, zimeelekea barabarani, zimejaa maji ya mvua. Baba mdogo akamwaga maji, akazivaa. Halafu akasimama. Akaniangalia. "Sasa nipande nazo au nizivue tena?"

ZUHURA: Ukamjibuje?

TUMAINI: Nilimshika mkono nikampandisha nazo. Tope na yote. Sheria ikafa siku hiyo. Ndiyo maana nasema, gari ambalo mzee wangu hawezi kulikanyaga na viatu vyake si gari langu. Weka mpira.

ZUHURA: Hilo limenigusa kweli. Lakini sasa mkumbuke huyo huyo baba mdogo, mwezi wa saba, alfajiri, ametoka Njombe. Miguu yake juu ya mpira mkavu, chini ya mpira ni bati, chini ya bati ni upepo wa Makambako. Ile pamba uliyoichukia inazuia baridi. Inazuia joto la gia boksi. Inapunguza kelele za barabara, mtu asipige kelele ndio asikike.

TUMAINI: Atavaa soksi.

ZUHURA: Na katambuga?

TUMAINI: Watu wanavaa!

ZUHURA: Haya, la pili, na hapa sikuachii. Harufu ndiyo iliyokuleta kwangu. Kapeti liliponuka lilikuwa linakuambia kuna maji. Ungekuwa na mpira, yale maji yangelala chini yake, hakuna harufu ya kukushtua. Ungekuja kwangu bati limeshatoboka. Nimefungua magari yenye mpira yana mabwawa chini, na mwenyewe anasema gari langu halijawahi kuingia maji.

TUMAINI: Kwa sababu walitandika mpira juu ya kapeti. Mimi sitandiki juu ya kitu. Bati linapigwa brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu, halafu mpira peke yake. Pamba haipo, maji yatashikwa na nini? Nafunua pembeni, natoa vile vizibo vya sakafuni, yanashuka, jioni pakavu. Pamba yako ilikaa juani siku ngapi?

ZUHURA: Nne. Katikati bado ina unyevu.

TUMAINI: Basi!

ZUHURA: Basi nini? Utafunua kila wiki? Wewe ambaye kiazi kimeota chini ya kiti chako hujui?

TUMAINI: Nitafunua.

ZUHURA: Hutafunua, Tumaini. Nakujua. Mimi ningekurudishia kapeti na pamba mpya, juu yake mati za mpira zenye kingo unazozitoa ukakung'uta.

TUMAINI: Na mimi sitaki.

ZUHURA: Na mimi siwezi kukufungia kitu ambacho najua kitakuja kukutoboa gari.

TUMAINI: Kwa hiyo nitafute fundi mwingine?

ZUHURA: Sijasema hivyo.

TUMAINI: Mimi pia sijasema nitaenda. Nasema mpira.

ZUHURA: Nasema kapeti.

TUMAINI: Tunaonyeshwa saa. Dakika mbili, na yale matano hatujagusa hata moja.

ZUHURA: Niachieni moja, hili ni la uhai. Mati ya dereva isitandikwe juu ya nyingine, na isiwe ya gari lingine. Inateleza mbele, inabana pedali ya mafuta, unaachia mguu gari bado linakimbia. Mwaka 2009 kule Marekani, Toyota iliwaambia wenye magari karibu milioni 3.8 watoe mati za dereva kwa sababu hiyo. Ikazeni kwenye kulabu zake. Kama hazina kulabu, bora dereva akanyage kapeti tupu.

TUMAINI: Na jinsi ya kujua maji ya kiyoyozi na maji ya rejeta?

ZUHURA: Ya kiyoyozi ni maji tu. Ya rejeta yakiwa na ile dawa ya kupoza injini yanateleza kidoleni na yana harufu tamu. Msiyaonje, ni sumu. Bei za mpira wa kukata kwa mita, vizibo, mipira ya milango... wiki ijayo.

TUMAINI: Gari langu je? Jumamosi nampeleka baba mdogo kliniki.

ZUHURA: Kutu nimeshaisafisha, rangi inakauka kesho. Viti narudisha. Chini pako wazi.

TUMAINI: Bati tupu?

ZUHURA: Bati tupu, mpaka tuelewane.

TUMAINI: Basi atapanda na katambuga zake.