Vipande 10,000 kwa Mwaka: Mhadhara Juu ya Sampuli za Bure

Haya, nadhani sauti inafika hadi nyuma. Nimeombwa nizungumzie maadili ya kuomba sampuli za bure za vipuri vya elektroniki, na naona nyuso ambazo zimeshanisikia nikilia kilio hiki hiki zaidi ya mara moja. Yule pale anatabasamu kwa sababu anajua hadithi ya mizani inakuja. Ndiyo, inakuja. Vumilia.

Sitaeleza kwa kirefu sampuli ni nini: ni vipuri vichache ambavyo kiwanda kinakupa bure uvijaribu, kikitumaini utaagiza vingi baadaye. Kila mtu humu ndani amewahi kubonyeza kile kitufe cha kuomba sampuli kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama wewe hujawahi, jirani yako amewahi, na chipu alizopata zimo kwenye droo ndani ya vifuko vyake, hazijaguswa.

Nasema kauli yangu sasa hivi, ili hata atakayesinzia aondoke nayo: kuomba si kosa. Mtengenezaji kaweka mlango, kaandika juu yake "omba hapa", nawe umeomba. Akitaka atakupa, asipotaka atakunyima. Kosa linaanzia kwenye fomu.

Mnaijua ile fomu. Jina, anwani, barua pepe, hapo hakuna shida. Halafu inauliza jina la kampuni. Inauliza ni bidhaa gani inayoundwa, idadi inayotarajiwa kwa mwaka, na uzalishaji utaanza lini. Hapo ndipo mtu mwema kabisa, mtu ambaye akizidishiwa chenji anairudisha, ghafla anageuka mkurugenzi mtendaji.

Nilikuwa na miaka 19. Nilitaka kutengeneza mizani ya kidijitali, na nilikuwa nimesoma mahali kwamba mizani nzuri inataka kigeuzi cha analogia kwenda dijitali cha biti 24, yaani chipu inayogeuza volti ya kihisi kuwa namba. Biti 24! Hizo ni ngazi zaidi ya milioni 16. Nilichotaka kupima ni misumari, lakini nilijiandaa kana kwamba nitapima vumbi. Nilihitaji kigeuzi kimoja. Nikaomba vitano, kwa sababu fomu iliruhusu vitano. Kwenye kampuni nikaandika jina la ukoo wetu na kulibandika neno "Sistimu" mwishoni. Kwenye idadi kwa mwaka nikasita kidogo. Mia moja ilionekana ya kinyonge. Milioni ingewashtua. Nikaandika 10,000. Uzalishaji unaanza lini? Robo ya tatu ya mwaka. Wallahi sikujua robo ya tatu inaanza mwezi gani.

Baada ya siku chache mzigo ukafika. Nataka muuone vizuri. Boksi la ukubwa wa boksi la viatu. Ndani, sponji. Ndani ya sponji, mfuko wa rangi ya fedha, ile mifuko ya kukinga umeme tuli, umefyonzwa hewa mpaka umekakamaa. Nikaukata kwa mkasi. Kikaanguka kifuko cha chembe za kunyonya unyevu, kikafuata kikadi chenye vidoa vinavyobadilika rangi unyevu ukiingia. Na mwisho kabisa, kwenye kisinia cha plastiki, chipu tano, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nilicheka peke yangu. Nilijiona mjanja wa mwaka.

Wiki iliyofuata simu ikalia. Alikuwa mhandisi wa kampuni ile, mtu mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kueleza mambo. Hakupiga kunichunguza. Alipiga kunisaidia. Kihisi uzito chenu mnakilisha volti ngapi? Mnasoma mara ngapi kwa sekunde? Ardhi ya analogia na ardhi ya dijitali mmezikutanisha wapi kwenye bodi? Nikamjibu, "Bado tuko hatua za awali." Akauliza nani anasimamia mchoro wa bodi. Nikasema mwenzangu. Naweza kuongea naye? Ametoka kidogo. Mwenzangu alikuwa paka, na kweli alikuwa ametoka. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya dakika nne.

Siku mbili baadaye ikaja barua pepe. Kurasa mbili. Alikuwa amenichorea saketi: kichujio cha kuweka mbele ya kigeuzi, thamani za kapasita, mahali pa kuipitisha volti ya rejea isichafuliwe na kelele. Mwishoni akaandika kwamba kwa vipande 10,000 kwa mwaka wana chipu nyingine ya bei nafuu zaidi, itanitosha kabisa, kwa hiyo nisiitumie ile niliyoiomba. Yaani alikuwa ananiokolea pesa! Pesa za kampuni iliyokuwa na makao makuu kitandani kwangu. Nikatazama muda iliotumwa. Saa tano usiku.

Ile saa tano usiku ndiyo imenileta mbele yenu leo. Mkiniuliza niliiba nini, wengi wenu mtahesabu chipu. Chipu si chochote. Niliiba jioni ya mtu. Na haikuishia kwake. Mhandisi wa kazi ile ana orodha ya wateja watarajiwa, mtu wa mauzo anaichukua orodha hiyo na kuitia kwenye makadirio yake. Kwa hiyo mahali fulani, kwenye jedwali la kampuni kubwa, palikuwa na mstari unaosema: mizani, 10,000, robo ya tatu. Mtu akakaa kwenye kikao akausoma kwa sauti.

Na mizani? Haikutengenezwa. Kutoka mguu mmoja wa chipu zile hadi unaofuata ilikuwa milimita 0.65 tu, na pasi yangu ya kulehemu ilikuwa na ncha nene kama penseli isiyochongwa. Niliunguza mbili jioni moja. Tatu zikabaki. Miaka baadaye niliandika kuungama na kuomba nizirudishe. Nikajibiwa kwa adabu kwamba mfuko ukishafunguliwa hawawezi kuzipokea tena. Sikuelewa mpaka nilipofikiria kile kikadi cha unyevu. Chipu iliyokaa wazi hunyonya unyevu, ukiipitisha kwenye tanuri la kulehemu ule unyevu unageuka mvuke na kuipasua kwa ndani. Nani atampa mteja mwingine kitu kama hicho?

Sasa nasikia minong'ono upande huu. "Kampuni ina mabilioni, chipu yenyewe ni senti kadhaa." Sawa, lakini yule aliyefunga boksi si senti kadhaa, gari lililolibeba si senti kadhaa, na nimeshasema habari za saa tano usiku. Halafu kampuni hailii. Kampuni inabadilisha fomu. Ndiyo maana leo ukiweka barua pepe ya bure wengi wanakukataa palepale, wanataka ya kampuni au ya chuo. Wengine wamepunguza idadi, wengine wanakutoza usafirishaji. Anayeumia ni kijana wa chuo ambaye kweli ana mradi, kweli anahitaji kimoja, na kweli hana barua pepe ya kampuni. Mlango huo hakuufunga yeye. Tuliufunga sisi, mimi na paka wangu.

Mwingine atasema, na hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote, nimeitumia mwenyewe: "Ni tangazo kwao. Leo nachezea chipu yao chumbani, kesho nimeajiriwa, nitaichagua kwa bidhaa halisi." Kweli tupu. Mhandisi hupenda chipu aliyoizoea, na chipu moja ikichaguliwa kwenye bidhaa inayouzwa kwa wingi inalipia sampuli zote za mwaka ule. Basi kama ni kweli, iandike! Andika: mwanafunzi, mradi binafsi, idadi kwa mwaka 1. Wapo watakaokutumia kwa furaha, maana ndiyo hesabu wanayoipiga wao wenyewe. Wakikataa, basi wamepiga hesabu wakaona hailipi, na hiyo ni haki yao. Hoja ambayo inabidi uifiche kwa yule yule unayedai inamfaidi, hoja hiyo ina kasoro mahali.

Na kila mara, bila kukosa, hutokea mtu akaniletea Steve Jobs, yule mwanzilishi wa Apple. Nakuona umeshainua mkono, ushushe. Ndiyo, Jobs akiwa na miaka 12, kwa maelezo yake mwenyewe, alimpigia simu Bill Hewlett, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya elektroniki ya Hewlett-Packard, nyumbani kwake, namba aliitoa kwenye kitabu cha simu, akaomba vipuri. Hewlett akacheka, akampa vipuri, na kiangazi kile akampa na kazi kiwandani, kukaza nati na skrubu. Watu wanaisimulia kama ushahidi kwamba ujasiri unalipa. Lakini hebu sikilizeni alisema nini kwenye simu! Alisema yeye ni mwanafunzi, anataka kutengeneza kihesabu frikwensi, kifaa cha kuhesabu mawimbi ya umeme kwa sekunde, je, kuna vipuri vya ziada? Basi. Hakujiita Jobs Sistimu. Hakusema vipande 10,000. Hewlett alijua anampa nani na kwa ajili ya nini, na akicheka alicheka akijua.

Mimi napenda zaidi kisa cha miaka michache baadaye. Mwaka 1975 kampuni ya MOS Technology ilikuwa na prosesa mpya, chipu ya kuendesha kompyuta, iitwayo 6502, ikaenda kuiuza kwenye maonyesho ya elektroniki ya WESCON kwa dola 25, wakati prosesa za washindani zilikuwa mamia ya dola. Kuuza ndani ya ukumbi hakukuruhusiwa, wakakodi chumba hotelini. Inasimuliwa kuwa waliweka mtungi mkubwa wa kioo umejaa chipu ili watu wadhani zimeshatengenezwa kwa wingi, kumbe za chini nyingi zilikuwa mbovu. Kwa hiyo, naam, viwanda navyo vina ujanja wao, sijasema ni malaika. Lakini tazameni mlangoni nani alikuwa anaingia: yeyote mwenye dola 25. Steve Wozniak, mwenzake Jobs, alikuwa mmoja wao, na prosesa hiyo ndiyo iliyoingia kwenye Apple I, kompyuta ya kwanza ya Apple. Alikuwa mteja, ingawa mdogo.

Nimekitaja kwa sababu kisingizio cha "sipati kwingine" kilikuwa na uzito zamani, wakati msambazaji alikataa kukuuzia chini ya mrija mzima, ule wa plastiki unaopangwa chipu nyingi. Leo wasambazaji wakubwa wanakuuzia kipande kimoja. Tatizo lililobaki ni usafirishaji kuzidi bei ya chipu, na hilo nakubali linauma, lakini dawa yake ni kuunganisha oda, watu sita boksi moja. Tukiambiwa tuchange hivyo tunaona usumbufu. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbio mbio.

Kuuza sampuli: wizi, sina cha kuongeza.

Kulimbikiza: uhaba wa chipu ulioanza 2020 ulisimamisha viwanda vya magari kwa kukosa mikrokontrola, zile chipu ndogo za kuendesha vifaa, na kuna mtu alikuwa nazo kumi na mbili kwenye droo "za akiba". Akiba ya nini?

Fomu za mtumiaji wa mwisho na matumizi ya mwisho, zinazouliza nani hasa ataitumia chipu na kwa kazi gani: jamani, hapo tumetoka kwenye maadili, tuko kwenye sheria za kudhibiti teknolojia inayovuka mipaka ya nchi. Usitanie hapo. Usiandike hata utani.

Nilikuwa na hoja ya walimu wanaoombea darasa zima, ni hoja ndefu na haina jibu moja, naiacha.

Sasa, hili boksi. Ni droo yangu yote ya miaka ile, nimeibeba kama ilivyo. Lipitisheni, kila mtu achukue anachokwenda kulehemu wiki hii. Wiki hii, si "siku moja". Nimebandika karatasi juu ya kila kifuko kuonyesha kilifunguliwa lini, kwa hiyo zile ndogo zikausheni kwanza kabla ya tanuri. Zenye miguu mirefu, anzeni nazo ninyi mnaojifunza.

Ila kile kisinia chenye chipu tatu, za biti 24, kirudisheni kwangu. Ile mizani bado nitaitengeneza.